Daktari Anayetaka Kuandika Kitabu Aanzie Wodini

Mwaka 1964 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu saratani mjini Kampala, na hesabu zake zilianzia mwaka 1897. Waliofanya utafiti huo, J. N. P. Davies na wenzake wa Makerere, walitegemea majalada ya Hospitali ya Mengo. Daktari Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali hiyo, alifika Uganda mwaka huo wa 1897, akaanza kutibu juu ya kilima cha Namirembe, na tangu mwanzo akawa anaandika habari za wagonjwa wake: mtu amelalamikia nini, ameonekanaje, amepasuliwa wapi, ameondoka katika hali gani. Wakati utafiti unafanyika, wataalamu wengi waliamini kwamba saratani ni jambo la nadra kwa Waafrika. Majalada ya Mengo yalikanusha. Humo walikuwamo hata watoto wenye uvimbe wa taya, ugonjwa ambao dunia ya tiba ilikuja kuutambua nusu karne baadaye.

Makala hii ni ya daktari, hasa kijana, anayefanya kazi Kampala au katika mji wowote wa kwetu na ana kitabu kifuani. Wapo wengi. Ukikaa nao chai ya saa nne utasikia maswali yaleyale: muda nitaupata wapi, na nani atanichapishia? Ni maswali ya haki na nitayafikia. Lakini lipo linalotangulia: leo, ukiwa zamu, umeandika nini? Ninaamini kwamba kitabu cha daktari husimama juu ya mambo mawili, uaminifu wa maandishi yake ya kila siku na uaminifu wake kwa mgonjwa. Aliyekosa hayo mawili, hata awe na lugha tamu namna gani, atatoa kitabu kitakachomdhuru mtu.

Basi tuanze na daftari. Jalada la mgonjwa si lako. Linabaki hospitalini, na lililomo humo linatumika kwa tiba, au kwa utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili. Wewe nunua daftari lako la kawaida, lenye jalada gumu, uliweke nyumbani. Kila unapotoka zamu na kuna jambo limekukwama kichwani, andika tarehe, kisha andika swali. Jina la mgonjwa lisiwemo, wala namba ya jalada, wala kijiji alikotoka. Andika maneno aliyoyasema kwa jinsi alivyoyasema, kama ni kwa Kiluganda basi kwa Kiluganda, kwa sababu ukishayageuza kuwa lugha ya kitabibu, mtu mwenyewe ameshatoweka. Andika kilichokosekana siku hiyo: damu, uzi wa kushonea, umeme, muuguzi wa pili. Andika ulichodhani na kilichotokea. Mistari kumi inatosha. Simu usiitumie kwa kazi hii. Simu huibwa, huazimwa, hutengenezwa na mafundi usiowajua, na picha ya kidonda iliyomo ndani yake inaweza kufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla hujajua kama imepotea.

Nimesema andika swali, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vinapozaliwa. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari bingwa wa Hospitali ya Mulago, alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa. Baada ya muda mfupi akawa Jinja hospitalini, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Mmoja angeweza kuwa wa bahati mbaya, lakini wawili walimfanya arudi kwenye kumbukumbu za hospitali kutafuta wengine, akawapata. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake katika British Journal of Surgery, na kwa muda karibu hakuna aliyejali.

Madaktari wengi wangeishia pale, wakiwa na makala moja ya kuongezea kwenye wasifu wao. Burkitt alichapa vipeperushi vyenye picha, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza: mmewaona watoto kama hawa? Majibu akayaweka kwenye ramani. Mwaka 1961 akapanda gari yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaenda kwa barabara kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, safari ya takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wewe huhitaji kuvuka bara. Una wenzako uliosoma nao ambao sasa wako Gulu, Mbarara, Kisumu, Mwanza, Bukavu. Swali lako likishakomaa, waulize kwa maneno mafupi na ya wazi, bila kutaja mgonjwa yeyote, na weka kumbukumbu ya kila jibu pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja utajua kama swali lako lina uzito wa kitabu, au ni makala ya kurasa sita ya kupeleka kwenye jarida kama African Health Sciences linalotolewa pale Makerere. Yote mawili ni kazi ya heshima. Kinachoharibu ni kulivuta la kurasa sita lijaze kurasa 200.

Ukishalijua swali, mjue msomaji. Mwaka 1966 ilitoka kazi ya Maurice King, Medical Care in Developing Countries, iliyotokana na mkutano wa Makerere. Naitaja kwa sababu ni mfano mzuri kuliko wowote niujuao wa kitabu kilichomjua mtu wake: daktari aliye peke yake kwenye hospitali ya wilaya, mwenye wagonjwa wengi na fedha kidogo, ambaye vitabu vya London vilimwambia afanye vipimo ambavyo mashine zake hakuwa nazo. Kitabu kilimwonyesha la kufanya kwa kile alichonacho. Waswahili nao wanakifahamu Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kazi ya David Werner, ambaye yeye hakuwa daktari kabisa. Kilienea kwa sababu kilizungumza na mhudumu wa afya wa kijijini, kwa michoro na sentensi anazozielewa.

Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza, mtaje msomaji wako kwa kazi yake na mahali pake. Mkunga wa kituo cha afya Nakaseke. Mama wa Kawempe ambaye mtoto wake ana selimundu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari. Ukisema "umma kwa jumla" utamwandikia profesa wako bila kujijua, kwa sababu ndiye uliyezoea kumwogopa.

Na kama kitabu ni cha ushauri wa afya kwa wananchi, nina onyo moja ninalolisema kwa msisitizo. Dozi ya dawa iliyochapwa vibaya inaua. Kila namba iliyo kwenye muswada wako, miligramu, mililita, saa, siku, ihakikiwe na mfamasia, kisha ihakikiwe tena baada ya mpangaji wa kurasa kumaliza kazi yake, kwa kuwa nukta ya desimali hupotea hapo. Usimwahidi msomaji uponyaji. Kampala ina redio za kutosha zinazouza chupa za kutibu kisukari, presha na ugumba kwa pamoja. Jina la daktari lisiungane nazo. Burkitt huyohuyo, baada ya kurudi Uingereza, aliandika mwaka 1979 kitabu chepesi cha kuwahimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, Don't Forget Fibre in Your Diet, kikasomwa sana. Kinasomeka na kila mtu, lakini nyuma yake ilikuwapo miaka ya kulinganisha magonjwa ya hospitali za Afrika na yale ya Ulaya. Wepesi wa namna hiyo hununuliwa kwa kazi nyingi.

Sasa nije kwenye siri ya mgonjwa.

Mtu anapokuja kwako anavua nguo, anakueleza la ndoa yake, anakuonyesha alipopigwa. Hakuja kuwa sura ya saba. Madaktari wengi hudhani kubadili jina kunatosha. Hakutoshi. Ukiandika kwamba dereva wa boda boda wa Ntinda, baba wa mapacha, alilazwa wiki ya sikukuu fulani akiwa na ugonjwa usio wa kawaida, stendi nzima inamjua kabla ya kufika mwisho wa aya. Badili umri, kazi, mtaa, msimu, idadi ya watoto, na kama jinsia si sehemu ya ugonjwa, badili hiyo pia. Kisha jiulize maswali mawili. Je, jirani yake akisoma atamtambua? Je, yeye mwenyewe akisoma atajiona, na akijiona atahisi ameheshimiwa? Ukisita kwenye swali lolote kati ya hayo, sehemu hiyo haijawa tayari.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuomba ruhusa. Iombe wakati mtu amepona au ametulia, asiwe kitandani anasubiri upasuaji kwa mkono wako, maana mgonjwa anayekutegemea hawezi kukukatalia. Iombe kwa lugha anayoota nayo. Maneno yanaweza kuwa mepesi tu: "Mama, ninaandika kitabu kuhusu kazi ya hospitali. Ningependa kueleza yaliyokupata, bila jina lako. Ukikataa hakuna kitakachobadilika, nitaendelea kukutibu vilevile. Ukikubali, nitakusomea nilichoandika kabla hakijachapwa, na ukitaka nitoe kitu nitakitoa." Akikubali, aweke sahihi au dole gumba, mbele ya mtu anayemwamini yeye. Na ile ahadi ya kumsomea uitimize. Ni hapo ambapo mara nyingi utagundua kwamba ulikuwa umemwelewa vibaya, na kitabu kitakuwa cha kweli zaidi.

Kifo hakifuti siri. Aliyefariki ana mjane, ana watoto wanaosoma shule, na ugonjwa wake unaweza kuwa wao bado wanauishi. Kwa mtoto, mzazi akikubali leo, kumbuka kwamba miaka 15 ijayo atakuwa mtu mzima anayeweza kukipata kitabu hicho dukani. Sheria nayo ipo: Uganda ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kulinda taarifa binafsi, na taarifa za afya na matibabu zimewekwa katika kundi linalolindwa kwa ukali zaidi. Baraza la madaktari lina kanuni zake za maadili. Zisome zote mbili, lakini mtu anayelinda siri kwa kuogopa sheria tu atapata mwanya mapema.

Liko jambo lingine ambalo vijana huniuliza kwa sauti ya chini: je, daktari aandike kuhusu yale yanayoua watu nje ya ugonjwa? Dawa zilizopotea, gari la wagonjwa lisilo na mafuta, matumizi mabaya ya madaraka. Hapa tunaye mfano wetu, Dokta Olive Kobusingye. Ni daktari wa upasuaji na mtafiti wa ajali, wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa waliotengeneza kipimo kinachoitwa Kampala Trauma Score. Mbinu zilizokuwapo za kupima uzito wa majeraha zilihitaji vipimo na kumbukumbu ambazo hospitali zetu hazikuwa nazo. Kipimo cha Kampala kinatumia mambo matano tu ambayo muuguzi wa mapokezi anaweza kuyapata kwa dakika chache: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, na kama mtu anaitika au la. Kimekuja kutumika na kujaribiwa katika nchi nyingine nyingi.

Mtu aliyehesabu majeruhi kwa namna hiyo hawezi kukwepa kuuliza kwa nini wanaletwa kila siku. Mwaka 2010 Kobusingye alitoa The Correct Line?, kitabu kinachouhoji utawala wa Rais Museveni. Nakala zake zilipofika uwanja wa ndege wa Entebbe zilizuiliwa. Mwaka 2019 akatoa The Patient, kuhusu mfumo wa afya wa Uganda, kujitolea kwa watu wake na uroho uliouangusha. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Ninachotaka ukione ni mpangilio wa maisha hayo: miaka ya kazi na takwimu ilitangulia, ukosoaji ukafuata. Msomaji anayefungua The Patient anajua kwamba mwandishi aliwahi kusimama kwenye mapokezi ya majeruhi.

Ukiamua kuifuata njia hiyo, jiandae kama unavyojiandaa kwa upasuaji mkubwa. Kwa kila dai uwe na karatasi, na nakala ya karatasi iwe mahali pengine. Tenganisha ulichokiona na ulichosikia, na usimtaje mtu kwa kosa usiloweza kulithibitisha mbele ya hakimu. Mpe wakili muswada kabla ya mchapishaji. Kama umeajiriwa na serikali, soma kanuni za utumishi wa umma kuhusu kutoa habari za ofisi, kwa sababu zitatumika dhidi yako na kutojua hakutakuwa utetezi. Na zungumza na watu wa nyumbani mwako, kwa kuwa nao wataubeba mzigo. Nawal El Saadawi wa Misri, daktari na mwandishi, alipoteza cheo chake katika wizara ya afya mwaka 1972 baada ya kuandika juu ya mwili wa mwanamke na ukeketaji. Hakuacha kuandika, ila alilipa. Ni haki yako kujua gharama kabla ya kuagiza.

Wengine watataka kuandika maisha yao wenyewe. Daktari Ian Clarke alisimulia katika The Man with the Key Has Gone!, mwaka 1993, jinsi hospitali ya Kiwoko ilivyoanzishwa Luwero iliyokuwa imetoka vitani. Anne Merriman, daktari aliyeanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka huohuo wa 1993, aliandika Audacity to Love mwaka 2010. Sababu ya kukisoma kitabu cha namna hii ni kazi iliyomo. Kazi ya Merriman ilisaidia Uganda kuwa nchi ambayo, tangu mwaka 2004, wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini ya maji kwa mgonjwa mwenye maumivu makali, hata pale ambapo daktari hayupo. Daktari wa Malawi au wa Kongo anaweza kujifunza hapo hatua kwa hatua. Kwa hiyo unapoandika maisha yako, punguza sherehe na tuzo. Eleza ulivyompata mfadhili wa kwanza, nani alikataa na kwa nini, dawa ilihifadhiwa wapi, mishahara ilichelewa ukafanyaje. Hayo ndiyo mwenzio anayahitaji.

Riwaya nayo ina nafasi yake, tena kubwa. Margaret Ogola wa Kenya alikuwa daktari wa watoto, akahudumu pia katika hospisi ya yatima wenye Virusi vya Ukimwi Nairobi, akiwa na watoto wake wa kulea na wa kuzaa. Riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilitoka mwaka 1994, ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta na tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza cha Afrika, ikasomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa sekondari nchini Kenya. Ni hadithi ya vizazi vya wanawake wa familia moja, na Ukimwi unaingia humo kama ulivyoingia katika nyumba zetu, katikati ya harusi na masomo. Alifariki mwaka 2011. Sijui kijitabu chochote cha elimu ya afya kilichowafikia vijana kwa kina kama riwaya hiyo. Ukiona mambo uliyoyashuhudia hayawezi kuandikwa bila kumfichua mtu, hadithi ya kubuni ni njia ya haki, mradi uibuni kweli, usichukue jalada ukalivisha jina jipya.

Muda. Daktari wa Kampala mara nyingi ana ajira mbili: asubuhi hospitali ya serikali, jioni kliniki ya binafsi, kwa sababu ada za shule hazingoji. Kitabu kitachukua saa kutoka mahali fulani, na ni vizuri ukachagua mwenyewe kabla hakijazichukua kutoka kwa usingizi wako au kwa wanao. Jioni moja kwa wiki bila kliniki, kila wiki, itakupa muswada wa kwanza katika mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya zamu ya usiku jaza daftari tu. Usihariri, usihukumu, usimtumie mtu barua pepe yoyote kuhusu kitabu. Mwambie mkuu wa idara unachofanya, asije akasikia kwa wengine.

Kuhusu fedha nitakuwa wazi. Mrabaha wa kawaida kwa mwandishi huzunguka asilimia 10. Kitabu kikiuzwa shilingi 50,000 za Uganda, utapata 5,000 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 1,000 umepata milioni 5, pengine baada ya miaka miwili. Kliniki ya jioni inalipa zaidi. Anayeandika kwa ajili ya fedha ni afadhali atafute njia nyingine. Hata hivyo mkataba usiusaini kama fomu ya kulazwa. Angalia nani anamiliki haki ya tafsiri, nani ana haki ya toleo la shule na la kidijiti, na ni lini haki zinarudi kwako ikiwa kitabu hakichapwi tena. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ni ya mwaka 2006, na kazi yako unaweza kuisajili katika ofisi ya usajili ya serikali, URSB.

Wachapishaji wapo. Fountain Publishers ya Kampala imekuwapo tangu mwaka 1988. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza katikati ya miaka ya 1990 na chenye makao Kamwokya, kimewalea waandishi wengi, na mikutano yake ya wasomaji imewakaribisha wanaume pia. Daktari mwanamke mwenye muswada wa hadithi aanzie hapo. Ukiamua kujichapishia, barabara ya Nasser imejaa wapiga chapa wa kila bei. Usilipe yote mwanzoni. Dai nakala moja ya mfano, ifungue katikati, ivute uone kama kurasa zinabanduka, isome yote kwa penseli mkononi kabla ya kuruhusu nyingine. Namba ya ISBN inatolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda, na nakala kadhaa unapaswa kuziwasilisha huko kwa sheria. Lakini fedha kubwa zaidi uliyonayo mlipe mhariri. Wapiga chapa hawatakwambia kwamba sura ya tatu inarudia ya kwanza.

Lugha ni uamuzi wa mwisho, na nina msimamo. Tumezoea kuandika tiba kwa Kiingereza, kisha tukalalamika kwamba watu hawaelewi. Albert Cook na mkewe Katharine, muuguzi, walipoanza kuwafundisha wakunga wa Kiganda, walihitaji kitabu cha ukunga kwa Kiluganda, na kikaandikwa. Kama wao waliojifunza lugha ukubwani waliweza, aliyezaliwa nayo atatoa sababu gani? Andika kwa Kiluganda, kwa Kinyankole, kwa Kiacholi. Andika kwa Kiswahili, ambacho Uganda imekiweka katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na ambacho kitabu chako kikikitumia kitavuka hadi Goma, Kigoma na Mombasa bila mkalimani. Sura ikiisha, isome kwa sauti mbele ya mtu asiye daktari: shangazi yako, mlinzi wa geti, fundi cherehani. Atakapokunja uso, weka alama. Usimweleze, rudi ukaandike upya.

Hesabu majina niliyoyataja tangu mwanzo. Waliozaliwa Ulaya ni wengi, wa kwetu ni wachache. Wale waliandika vizuri na tunawashukuru, lakini wengi wao waliwaona wagonjwa wetu kupitia wakalimani, na wengi hatimaye waliondoka. Nyinyi mnaosikia malalamiko ya mgonjwa kwa lugha aliyofundishwa na mama yake mna kitu ambacho hawakuwa nacho. Kiandikeni, na sura ya kwanza ikiwa tayari mpeni mtu aisome kabla ya mwezi huu kwisha.